Miguu Itafuata

Jumamosi ile duka la viatu lilikuwa limefurika. Watoto walilia, akina mama walivutana na wauzaji juu ya rangi, na katikati ya vurugu hiyo, kwenye kigoda kifupi, alikaa kijana mrefu kupita kiasi. Alikuwa peku, akisubiri muuzaji arudi kutoka stoo na habari mbaya aliyokwisha kuisikia katika maduka manne.

"Arobaini na nane hatuna, kaka. Mwisho wetu arobaini na tano."

"Basi nifungie maboksi yenyewe, nitavaa hayo."

Nyuma yake mwanamke alicheka. Alivaa jinzi iliyopauka magotini na blauzi ya njano iliyopigwa pasi upande mmoja tu, na kiunoni alichomeka futi ya chuma, ile ya kuvuta wanayotumia mafundi. Wiki mbili nzima alikuwa akizunguka mji kutafuta miguu mirefu. Sasa aliitazama ile iliyonyooshwa sakafuni, ndefu kama mbao za dari, akaona Mungu amemjibu.

"Samahani, kaka. Naomba nikupime miguu."

"Dada, utapoteza muda. Hapa hawana saizi yangu."

"Si kwa ajili ya viatu. Ni kwa ajili ya treni."

"Treni inavaa viatu?"

"Kaa wima, bwana. Nyoosha. Usicheke, unatikisika."

Alipiga magoti mbele ya wateja wote bila haya, akavuta futi kutoka kiunoni kwa kijana hadi kwenye ncha ya kidole gumba. Mita moja na sentimita ishirini na nane. Alikuwa hana karatasi, akaandika namba hiyo kwenye kiganja chake cha kushoto.

"Na ya simu huandiki?" kijana akauliza. "Naona kiganja bado kina nafasi."

Akaiandika. Jioni hiyohiyo akapiga.

"Hallo. Ni mimi, yule wa futi."

"Aa, Futi! Nimekaa na simu mkononi tangu mchana. Nimeshamfukuza kila aliyepiga."

"Muongo wewe. Jina lako nani?"

"Wewe uliyeniona ungeniitaje?"

"Ngongoti. Kama wale wacheza ngoma juu ya miti."

"Basi, yamekwisha. Mama yangu alinipa jina zuri sana, lakini kuanzia leo mimi ni Ngongoti."

Walicheka mpaka salio likawakatikia. Tangu hapo hakuna aliyemwita mwenziwe kwa jina la kwao, nami sioni sababu ya kuyaleta hapa.

Futi alikuwa mhandisi. Alikuwa ameajiriwa na bustani moja kubwa ya michezo kusanifu treni ya kuning'inia. Siyo ile ya kawaida, ambayo vibehewa vyake hukaa juu ya reli. Katika hii, reli hupita juu ya vichwa, na viti hutundikwa chini yake, kwa hiyo abiria hana sakafu. Hukaa amefungwa kifuani, miguu inaelea, na chini anaona hewa tupu. Hata kabla chuma cha kwanza hakijasimamishwa, wafanyakazi walikwisha kuipa jina la Popo.

Ngongoti naye alikuwa fundi wa minara ya simu. Kazi yake ilikuwa kupanda juu na kukaza nati ambazo wengine waliogopa hata kuzitazama. Miezi mitatu baada ya kupimwa, Futi alimwombea kazi pale bustanini, akapewa reli yote ya Popo aiangalie. Kila nati aliyoikaza aliichora mstari mweupe wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Asubuhi akipita akaona mstari umekatika, anajua nati imezunguka. Nati zilikuwa elfu tatu na ushee, na alizijua kama mwalimu anavyowajua watoto wa darasa lake.

Siku moja ya mvua alikwenda ofisini kwa Futi akamkuta ameinamia kompyuta. Alimwekea kikombe cha chai, akasimama nyuma yake, kidevu juu ya nywele zake.

"Huu mstari mwekundu ni reli?"

"Hapana. Huo ni mstari wa moyo."

"Acha mchezo."

"Kweli kabisa. Watu wanadhani tunachora reli kwanza. Mimi kwanza nachora njia atakayopita moyo wa abiria, hapa kifuani. Treni ikigeuka kichwa chini, inazunguka moyo wake, asitupwe huku na huku. Reli naiweka juu baadaye."

"Na miguu?"

"Moyo kwanza, mpenzi. Miguu itafuata."

Ngongoti akambusu utosini. Alilipenda neno lile, akawa analisema kila mahali: wakivuka barabara, wakipanda ngazi za nyumba aliyopanga Futi na dada yake mkubwa. Ngongoti alikuwa na hatua ndefu mno, na Futi akitembea naye ilimlazimu kukimbia. "Moyo kwanza," humwambia, kisha hupunguza hatua zake ziwe fupifupi, kama mtu anayepita penye utelezi, mpaka dada mtu anawacheka dirishani.

"Shemeji, unatembea kama bibi harusi!"

"Nafanya mazoezi, shemeji. Siku yenyewe iko njiani."

Popo alipokamilika, ilihitajika sauti ya kuwatangazia abiria kabla treni haijaondoka. Futi aliandika maneno, Ngongoti akayasema, maana sauti yake ilikuwa nzito na tulivu. *Legeza mabega. Nyoosha miguu. Usiogope, tuko pamoja.* Walirekodi mara kumi na moja kwa sababu kila akifika kwenye "tuko pamoja" Futi alikuwa anamkonyeza.

Niseme jambo moja hapa, msomaji, ili tusifichane. Mahali pa kutisha kuliko pote katika Popo hapakuwa kule juu ambako treni hupinduka mara tatu. Palikuwa mwishoni. Treni inashuka kwa kasi na kuingia handakini, na ukingo wa zege unapita chini ya miguu ya abiria, karibu sana. Ilipangwa hivyo. Mtu aone miguu yake inakwenda kukatika, apige yowe, kisha ajikute mzima. Kati ya ncha ya kidole cha mtu mrefu kuliko wote na ule ukingo, Futi aliacha nafasi ya kiganja kimoja. Walipitisha fremu ya mbao iliyokatwa kwa vipimo vyake, nayo haikugusa popote.

Lakini mtu mrefu kuliko wote alipimwa akiwa peku. Tena alipimwa amekaa wima, kwa adabu, kwenye kigoda kisichotikisika. Handakini mwili huteleza kitini. Buti la mafundi nalo, saizi arobaini na nane, lina soli nene na pua ya chuma. Futi alikuwa amefanya hesabu za upepo, za mvua, za chuma kuchoka kwa miaka thelathini. Kiatu alikisahau.

Ngongoti alilijua hilo wiki ya tatu tangu Popo afunguliwe. Kila asubuhi, kabla ya bustani kufunguliwa, alikaa kiti cha mbele cha treni tupu na kuzunguka mara mbili. Siku hiyo alikuwa amechoka, amelegea kitini, na handakini buti lake la kulia likagonga. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyegonga mlango mara moja akaondoka. Aliposhuka aliona ngozi ya buti imechanika na chuma cha ndani kinang'aa. Akakaa kwenye benchi la mafundi kwa muda mrefu, ameshika lile buti mapajani.

Kwa nini hakusema? Jana yake Futi alikuwa amepata barua ya kuitwa kusanifu treni nyingine. Dada mtu alikuwa ameikata gazetini picha yake na kuibandika kwenye friji. Usingizini Futi alikuwa anacheka. Ngongoti akajiambia: mtu mrefu hivi ni mimi tu, na abiria wote huvua viatu na kuviacha rafuni. Mimi nitakunja miguu. Akawa anakunja. Kila asubuhi, treni ikikaribia handaki, aliinua magoti, akapita, akashuka, akaandika kitabuni: *Salama.*

Hakutaka Futi aone yale mabuti. Akawa anayafungia kazini na kurudi na kandambili.

"Mabuti yako wapi?" Futi akauliza siku ya kwanza.

"Kazini. Yananuka, utanikimbia."

Ya pili, ya tatu, wiki nzima, mwezi mzima. Dada mtu, ambaye aliwahi kuachwa na mume aliyeonyesha ishara ndogo kuliko hizo, hakunyamaza.

"Mdogo wangu, mtu na viatu vyake vilikuwa haviachani. Hebu jiulize, sasa vinalala kwa nani?"

Futi alimkemea dada yake, lakini neno lilikwisha kumwingia. Akaanza kumpigia Ngongoti saa za ajabu. Akaona anavyoshtuka akitajiwa miguu. Usiku mmoja alipomwekea mguu wake juu ya mguu, alihisi Ngongoti anausogeza wake.

Wakati huohuo meneja akaleta balaa yake. Foleni zilikuwa ndefu, na kuvua na kuvaa viatu kulichelewesha treni. Akatoa amri: mwenye viatu vya kamba asivue.

"Meneja," Ngongoti alimwambia, "viatu ni bora wavue."

"Kwa nini? Kuna tatizo?"

Hapo ndipo angesema. Alifungua mdomo, akamwona akilini Futi wa kwenye picha ya friji, akaufunga.

"Hapana. Nasema tu."

Yeye na Futi walikuja kugombana Alhamisi, kwa simu.

"Niambie jina lake tu," Futi alisema. "Sitapiga kelele."

"Jina la nani?"

"La huyo unayeacha viatu kwake."

"Futi, hakuna mtu. Nakuapia."

"Basi yalete leo. Njoo umeyavaa."

Ngongoti akanyamaza. Kimya kile kilimtosha Futi. Akakata simu, na siku mbili hakuipokea tena.

Jumamosi asubuhi Ngongoti alipiga moyo konde. Hakuwa amelala. Alipiga simu saa mbili, saa mbili na robo, saa mbili na nusu. Alipiga mara tisa. Kisha akaandika: *Pokea tafadhali. Ni kuhusu mabuti.* Futi aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Aliona mtu anataka kuungama, naye hakuwa tayari kusikia jina la mwanamke mwingine kabla ya kifungua kinywa. Akaizima simu.

Saa nne na dakika kumi, timu ya wasichana ya mpira wa wavu, waliokuja mjini kwa mashindano, walikaa kwenye viti vya mbele vya Popo. Mmoja wao, wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa mrefu kuliko wenzake wote na alivaa raba mpya nyeupe zenye kamba. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba miguu yake italima bustani. Spika ikasema: *Legeza mabega. Nyoosha miguu. Usiogope, tuko pamoja.*

Akainyoosha.

Sitayaeleza ya handakini. Daktari alikata mguu wa kulia juu ya kifundo.

Popo akafungwa, na bustani nzima ikazungushiwa utepe. Jioni ile Futi aliambiwa na wachunguzi kila kitu isipokuwa jambo moja, ambalo wenyewe lilikuwa linawasumbua. "Fundi wenu," walimwuliza, "ni mrefu kuliko yule binti. Kila asubuhi alipanda na mabuti. Mbona yeye hakuumia?"

Futi aliinuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mafundi. Ngongoti alikuwa ameketi chini mbele ya kabati lake, funguo mkononi, kana kwamba alimsubiri. Akalifungua bila kuambiwa. Mabuti yalikuwa mle, yamepangwa vizuri, la kulia limetoboka puani.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

"Miezi miwili! Miezi miwili unakunja miguu na kuniandikia 'salama'?"

"Nilikuwa nakuona unavyofurahi, mpenzi. Nilishindwa."

"Usiniite mpenzi."

"Leo nilitaka kukuambia. Nimepiga mara tisa."

"Na kitufe cha kuisimamisha treni? Hicho nacho kilikuwa hakipokei?"

Ngongoti alianza kulia, lakini Futi alikuwa amekauka. Aliliinua lile buti, akatoa futi kiunoni, akapima soli na pua, kwa mazoea tu. Namba aliyoiona aliijua kabla ya kuisoma. Akalirudisha buti kabatini, akaondoka bila kufunga mlango.

Miezi mitatu hawakuonana. Dada mtu aliibandua picha kwenye friji. Futi alikwenda hospitali mara mbili, na mara zote mbili mama wa mgonjwa alimrudisha mlangoni, kwa upole, jambo lililomuumiza kuliko matusi.

Siku moja kabla ya tume ya uchunguzi kukaa, simu iliita. Safari hii alipokea.

"Futi. Usikate."

"Sema."

"Kesho nitasema mimi ndiye niliyekudanganya siku ile dukani. Kwamba nilikunja magoti kidogo uliponipima, kwa utani. Watakuachia leseni yako."

Futi akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile machozi yalimtoka, maana alijua Ngongoti angeyasema kweli, na wangemwamini.

"Ngongoti, unataka kukunja miguu tena?"

"Nakupenda," Futi akasema. "Nimejaribu kuacha, imenishinda. Lakini ukisema hivyo kesho sitakutazama tena mpaka nife. Unasikia?"

"Nasikia."

Ukumbi wa tume ulikuwa chumba cha kawaida chenye meza ndefu na feni iliyokuwa ikilalamika. Yule binti alikaa mstari wa mbele na mama yake, magongo mawili yamelazwa miguuni. Futi alivaa sketi nyeusi na ile blauzi ya njano, na safari hii ilikuwa imenyooka pande zote. Alisimama, akasema: "Nilimpima mtu peku. Sikuongeza kiatu. Sikuhesabu kuteleza. Kosa ni langu." Mwenyekiti alimwuliza kama ana la kuongeza, akasema hana. Leseni yake ilichukuliwa palepale, ikawekwa kwenye bahasha.

Kisha akaitwa fundi. Ngongoti aliingia akiwa ameinama ili asigonge kichwa mlangoni. Akasema alijua. Akasema siku, akasema wiki, akasema alivyokunja miguu na alichoandika kitabuni.

"Kwa nini hukuisimamisha mwenyewe siku ya ajali?"

"Nilitaka asikie kutoka kwangu kwanza. Nikawa nasubiri apokee simu. Nilimfikiria yeye tu."

Binti alikuwa ameinua kichwa tangu Ngongoti aliposema neno la kwanza. Sasa akamkatiza mwenyekiti.

"Ni wewe," alisema. "Sauti ya kwenye spika. Ni wewe uliyeniambia ninyooshe."

Ngongoti akamgeukia.

"Ni mimi."

"Mwenyewe unakunja, mimi unaniambia ninyooshe."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Sema tena. Sema kama ulivyotakiwa kusema."

Mwenyekiti alitaka kuzuia, lakini mama wa binti aliinua mkono. Ngongoti alishika ukingo wa meza. Ile sauti nzito na tulivu haikuwepo tena. Iliyotoka ilikuwa nyembamba, imekwaruza.

"Legeza mabega," alisema. "Kunja miguu. Kunja miguu, mdogo wangu. Usipande."

Binti alimtazama kwa muda. Hakusema amemsamehe, wala hakuna aliyemwuliza. Akainama kuokota magongo yake, na mama yake akamsaidia kusimama.

Nje, kwenye korido, askari wawili walikuwa wakimsubiri Ngongoti kwenye mlango wa mwisho. Futi alikuja akasimama kando yake. Alinukia sabuni yake ya siku zote.

"Watakupa muda gani?"

"Wakili anasema miaka miwili. Huenda mitatu."

"Nitakuja kila wanaporuhusu."

"Usijifunge, Futi. Kijana kama wewe..."

"Nyamaza. Twende."

Akamshika mkono. Korido ilikuwa nyembamba na ndefu, na mbele yao yule binti alikuwa ametangulia na mama yake. Alikuwa bado anajifunza. Gongo, gongo, mguu. Anapumzika. Gongo, gongo, mguu. Palikuwa na nafasi ya kumpita, upande wa kulia, kama mtu angetaka.

Hawakumpita. Ngongoti alipunguza hatua zake, akazipunguza tena, mpaka zikawa fupi kuliko za Futi, fupi kuliko zote alizowahi kupiga. Wakamfuata hivyohivyo, polepole, mpaka mlangoni.